Ramani kwanza au hadithi kwanza?

Ndugu, umeuliza kama umalize ramani, historia ya wafalme na kanuni za uchawi kabla ya kuandika sura ya kwanza ya riwaya yako ya ulimwengu wa kubuni. Mimi nasema hapana. Nilitumia miaka miwili kuchora falme, nikaishia na madaftari manne bila mhusika hata mmoja mwenye shida ya kumkosesha usingizi.

Anza na shida ya mtu mmoja, kisha jenga kile atakachokigusa. Uchawi nao, kabla ya kuuliza unaweza nini, uliza unamgharimu nini anayeutumia. Mganga akiponya kila jeraha bure, vita vyako havitamtisha msomaji.

Ramani ichore kadiri safari inavyokwenda, ila maumbile yaheshimu: mito huungana ikiteremka kwenda baharini, ni nadra kugawanyika, na upande wa mlima usiopata upepo wa bahari huwa mkavu. Halafu farasi si pikipiki! Akitembea ni kama kilomita 6 kwa saa, kwa siku labda 40 au 50. Farasi wa hadithi yangu nilimkimbiza usiku kucha bila maji. Msomaji wangu wa kwanza alicheka mpaka nikaona aibu.

Majina yasome kwa sauti. Ulimi ukikwama, badilisha.