Yusufu wa Arimathaya, aliyekwenda kuuomba mwili

Wiki iliyopita tulisoma Marko 15:42–47: jioni Yesu alipokufa, Yusufu wa Arimathaya alikwenda kwa Pilato kuuomba mwili wake, akauzika. Maswali yamekuja mengi, najibu manne; kila moja nimeliandikia mahali lilikotoka.

Kongwa: Yohana 19:38 inasema Yusufu alikuwa mwanafunzi wa siri kwa sababu ya hofu. Mtu anajificha siku zote, anajitokeza Bwana akishakufa. Huo nao ni ujasiri?

Ni ujasiri, ndugu yangu, tena mkubwa. Tazama wakati wenyewe. Petro amekana, wenzake wametawanyika, muujiza hautarajiwi tena. Yusufu ni mtu wa baraza la Wayahudi lililomhukumu Yesu, na Luka anasema hakulikubali shauri la wenzake. Kuuomba mwili wa mtu aliyeuawa kwa kosa la kujiita mfalme ni kumwambia liwali, "Huyu ni wangu." Marko anaandika kwamba "akafanya ujasiri". Mimi hapo naiona hofu ikiwa bado ipo, na miguu ikienda hivyo hivyo.

Kisha akanunua sanda ya kitani, akamshusha, akamfunga. Marko hamtaji mtumishi hata mmoja. Aliyegusa maiti alikuwa najisi siku 7 (Hesabu 19:11), na ile ilikuwa wiki ya Pasaka.

Chang'ombe: Nasikia waliosulubiwa walitupwa tu. Kweli walizikwa?

Wengi waliachwa pale pale mtini. Lakini Torati ilikataza mwili kulala mtini usiku kucha (Kumbukumbu la Torati 21:22–23). Na mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, lilipatikana sanduku la mifupa la karne ya 1, na ndani yake mfupa wa kisigino ukiwa bado na msumari. Mtu huyo alisulubiwa, na watu wake wakamzika.

Bahi: Nikodemo alileta nini?

Nikodemo ndiye aliyemsaidia Yusufu kuzika. Alileta manemane na uudi, manukato ya maziko, ratili 100 (Yohana 19:39), yaani kama kilo 33. Ni karibu madebe mawili ya mtama.

Chamwino: Kijana wa jirani ameuawa na watu waliomtuhumu kuiba mbuzi. Mama yake yuko peke yake, majirani wanaogopa kuonekana msibani. Nami naogopa.

Dada, sikulaumu. Niliwahi kushiriki mazishi ya namna hiyo, mwezi wa tisa, ardhi imekauka, sururu inagonga na kuruka kama umepiga jiwe. Tulianza alfajiri wanaume watatu, tukipokezana. Kijana mmoja alikaa muda mrefu chini ya mbuyu akitutazama. Mwishowe akaja, akachukua koleo, hakusema neno. Jioni tulikuwa tisa. Habari ya tuhuma hakuna aliyeigusa.

Wewe usianze na kaburi. Nenda leo jioni na ndoo ya maji na unga kidogo, ukae na mama huyo. Ukimkuta analia, usimwambie anyamaze. Kesho, pamoja na ndugu yake mmoja, msindikizeni polisi na hospitali kuuliza mwili utatolewa lini, maana maneno yanayosemwa pale ni mazito kuyasikia peke yako. Mwinjilisti wenu apate habari mapema. Tena tafuta jirani mmoja wa kufuatana naye. Hata Yusufu alikuwa na Nikodemo. Na kama kwa mama huyo mkeka ni mmoja, beba wa kwako.