Ukiambiwa "kuna kitu tunakiona" kwenye ultrasaundi

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 20, yule dada aliyekuwa ananipima alikuwa anapiga stori vizuri tu mara akanyamaza, akawa anarudisha kile kipimo palepale tumboni, palepale, jeli imeshapoa, mwisho akasema kuna vifuko vya maji kwenye ubongo wa mtoto, kamuone daktari. Basi. Na daktari mwenyewe hadi Alhamisi.

Hizo siku tatu jamani! Nilikesha kwenye simu nasoma, kila nilichofungua kinatisha kuliko cha kwanza.

Daktari ndo akanielewesha. Vile vifuko vinakuwa kwenye sehemu inayotengeneza maji ya ubongo, kuna watoto wazima kabisa wanakuwa navyo kwa muda halafu mara nyingi vinapotea vyenyewe kabla hujajifungua. Wanaviangalia kwasababu saa nyingine vinaambatana na trisomia 18, shida nzito ya chembe za urithi, ila mtoto mwenye hiyo shida kwa kawaida anakuwa na dalili zingine pia, kwenye moyo, kwenye mikono. Kwahiyo akapima upya taratibu, moyo, tumbo, kufika mkononi mtoto kakunja ngumi. Akasubiri. Akanambia nigeukie ubavu, tukasubiri tena, mpaka kiganja kikafunguka vidole vyote 5 vinaonekana. Nililia palepale kitandani.

Sasa wewe uliyepewa karatasi leo, uliza hivi: hiki kipimo kinatoa jibu au kinatoa uwezekano? Kile cha damu cha kuangalia shida kama hiyo kwa mfano ni uwezekano, ukiambiwa 1 kwa 150 maana yake kati ya wajawazito 150 wenye majibu kama yako, 149 watoto wao hawana hilo tatizo. Jibu lenyewe linapatikana kwenye maji yanayomzunguka mtoto, yanavutwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15, na kipimo hicho kina hatari ndogo ya mimba kutoka, kwahiyo usikubali kuharakishwa. Uliza pia kama wameona hicho kimoja tu au na vingine, na unarudi lini. Mimi nilirudi wiki ya 28, havikuwepo.

Na usiingie peke yako. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani mume wangu ananiuliza wamesemaje nikashindwa kutamka zaidi ya "vifuko", na yeye akaanza kuogopa kitu asichokijua. Alhamisi tulienda wote, yeye ndo alishika kalamu. Ndugu wengine tuliwaacha kwanza, maana swali ni lilelile, ulikula nini, ulimeza dawa gani, na wala havitokani na ulichokula.