Maswali na majibu: Kufundisha jinai bila imla

Naomba notsi za sheria ya jinai, kozi nzima.

Sina, na hata ningekuwa nazo nisingetoa. Ombi hili haliishi. Soma sheria yenyewe, kisha hukumu kamili, si muhtasari wake.

Wanafunzi wangu wamekariri vifungu vyote, lakini wakipewa tukio wanamwaga nadharia kurasa nne. Kosa liko wapi?

Liko mbele ya darasa, uniwie radhi. Ukisoma imla muhula mzima, mtihani utakurudishia imla. Kwenye kipindi cha dakika 50, kanuni zichukue 15, zinazobaki ziwe za tukio. Tukio lisizidi maneno 200, na liwe na utata wa sehemu mbili tu. Ukiweka saba watagusa kila moja juu juu.

Anza na kesi ya White ya 1910. Mtu alitia sianidi kwenye kinywaji cha mama yake. Mama akakutwa amekufa, ila si kwa sumu. Moyo ndio uliomwua. Darasa litapiga kelele "kuua kwa kukusudia!" kwa kuwa nia inaonekana wazi. Wasimamishe hapo hapo: toa ile sianidi, je, mama angepona? Asingepona, basi kitendo hakikusababisha kifo. White alitiwa hatiani kwa jaribio la kuua. Wakishaelewa, wape Thabo Meli ya 1954: washtakiwa walimpiga mtu, wakadhani amekufa, wakamtupa chini kutoka ukingo wa mwamba ionekane ajali, naye akafa baadaye kwa kuachwa nje hoi. Waulize nia ilikuwapo saa ngapi na kifo kilisababishwa saa ngapi, kisha waache wabishane kabla hujawaambia kwamba majaji walikataa kulikatakata tukio hilo vipande.

Alama 20 zigawe hivi: kutambua hoja 4, kanuni 5, kuitumia kanuni kwenye tukio 9, hitimisho 2. Watangazie mapema. Aliyesahau mwaka wa kesi msamehe. Aliyeruka maneno "wakadhani amekufa" mkate alama.

Na mkomeshe ule ugonjwa wa kuandika kwamba mshtakiwa "lazima athibitishe" alijilinda. Tangu kesi ya Woolmington, 1935, mzigo wa kuthibitisha katika mapokeo ya sheria ya Kiingereza ni wa upande wa mashtaka. Utetezi wa wazimu, ambao mshtakiwa ndiye huuthibitisha, ni hali isiyo ya kawaida, usiwafanye waugeuze kuwa kanuni.

Kesi za ubakaji niziruke? Zinawaumiza baadhi yao.

Usiruke. Hao ndio waendesha mashtaka na mahakimu wa kesho. Taja kipindi wiki moja kabla, usimwite mtu kwa jina ajibu, usimwigizishe yeyote nafasi ya mwathirika, na swali hilo kwenye mtihani liwe la hiari.

Lombroso, yule Mwitalia aliyedai kuna wahalifu wa kuzaliwa, bado ana nafasi?

Kama kosa la mbinu. Mwaka 1876 alisoma uhalifu kwenye mafuvu na nyuso. Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, mwaka 1913 alilinganisha wafungwa na watu wasio wafungwa, na ile sura ya "mhalifu wa kuzaliwa" haikuonekana. Saa moja inatosha.

Polisi wanasema makosa ya dawa za kulevya yameongezeka. Mwanafunzi wangu ameandika kwamba matumizi yameongezeka. Nimpe alama?

Usimpe. Kosa hilo halina mlalamikaji. Polisi wakipekua zaidi, idadi inapanda hata kama watumiaji ni wale wale. Mchoree ngazi ubaoni: tukio, kugunduliwa, kuripotiwa, kuandikwa kwenye kitabu cha polisi, kukamatwa, kushtakiwa, kutiwa hatiani. Kila daraja aeleze nani kadondoka na kwa nini. Uchunguzi wa kuwauliza wananchi walivyodhurika unaziba pengo kidogo tu: aliyeuawa hajibu dodoso, na asiye na makazi hafikiwi nyumbani. Wanasheria wanaodharau kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, wakumbuke kwamba hukumu wanazosoma zinatoka daraja za mwisho kabisa.

Nataka kuwahoji wafungwa kwa tasnifu ya shahada ya kwanza.

Kibali cha maadili peke yake kinaweza kumaliza muda wako. Ukikipata, usiahidi siri isiyo na mipaka, na usiulize majina, tarehe wala mahali pa makosa ambayo hayajafikishwa mahakamani: unaweza kuitwa shahidi. Ridhaa iliyotolewa askari magereza akiwa amesimama mlangoni si ridhaa. Chukua badala yake hukumu 30 zilizo wazi kwa umma, za kosa moja, ulinganishe sababu ambazo mahakimu walizitaja wakipunguza adhabu.