Jibu: Nyumba ya kumtunzia mama, Malindi

Dadangu, pole kwa kuuguliwa. Umeuliza utajuaje nyumba ya wazee ni nzuri kabla ya kumpeleka mama aliyelazwa na kiharusi. Usipige simu kwanza. Zuka tu saa ya chakula cha mchana, uone nani analishwa na nani uji unampoea mbele yake. Marumaru zinazong'aa zisikubabaishe.

Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo atatoka vidonda vya mgongo. Omba daftari la kugeuza, wanamoandika kila wanapomgeuza mgonjwa. Likiwa na mwandiko mmoja, kalamu moja, usiku na mchana, huenda limejazwa kwa mkupuo tu; ondoka! Muuguzi wa zamu ya usiku awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi. Na kama mama huswali, ulizia nani atamtawadhisha.