Walionilea ni watani wa baba

Swali lenu la wiki hii, nani kakufanya uwe ulivyo kati ya wazazi, shule na mtaa, najua wengi watajibu mama. Mama yangu nampenda jamani, ila nikijichunguza vizuri naona walionipika zaidi ni wale wazee waliokuwa wanabishana na baba kijiweni kila jioni. Shule ilinipa cheti.

Hapo ni Ilala, miaka ya tisini. Mzee ni Yanga lialia, na Uyanga wenyewe hakuuchagua, alimkuta baba yake nao, na mimi nikaukuta hivyohivyo. Kijiwe cha kahawa, benchi la mbao, birika juu ya mkaa, kashata kwenye sahani, na nusu ya waliokaa pale ni Simba. Watoto tuliruhusiwa kukaa ilimradi tutumwe maji na tusichangie mazungumzo ya wakubwa, lakini zikianza mada za mpira hata sisi tulichomekea. Unasema Yanga ndo wakubwa, wa 1935, Simba wamekuja 1936 na mpaka 1971 bado wanaitwa Sunderland, unajibiwa haya mkubwa, na zile sita za 1977 uliziweka wapi? Na huna la kusema maana ni kweli 6-0, unabaki kucheka na wao.

Mei 6, 2012 Simba wakatupiga 5-0. Kesho yake mzee kavaa jezi ya njano, kawahi kijiweni kuliko siku zote, kakaa katikati ya benchi. Wakamfanyia msiba kabisa, mmoja kaja na kitambaa cheupe eti sanda, wengine wanampa mkono wa pole na rambirambi za mia mia, yeye anapokea, anashukuru, anatia mfukoni, mwisho akazitoa zote akawalipia kahawa. Mimi leo nauza vifaa vya umeme Kariakoo, mteja akinifokea mbele za watu natulia, na sijui semina gani ingenifundisha vile.

Ila kijiwe nacho kina ubaya wake. Dada yangu, baba mmoja mama mmoja, shule moja, hakuruhusiwa kusogea pale, mtoto wa kike kijiweni anatafuta nini. Yeye kakulia ukumbini kwa mama mkubwa, kwenye kusukana, leo anajua kusikiliza mtu mpaka mwisho na migogoro ya ukoo mzima inapelekwa kwake, mimi najua kubisha tu. Ndo maana mtu akiniambia kalelewa na mtaa namuuliza upi, maana uchochoro wetu ule mmoja ulikuwa na mitaa miwili.

Siku hizi utani umehamia kwenye magrupu ya wasapu. Novemba 5, 2023 tulivyowapiga Simba 5-1, watu walileft grupu mpira haujaisha, wengine wakazima simu mpaka Jumanne, sasa hapo utamtania nani? Mwanangu yumo kwenye magrupu hayohayo. Kwa hiyo kila ikifika dabi namburuta mpaka kwa babu yake, akae benchi lilelile, mama yake analalamika kwamba mtoto anarudi na matusi. Matusi kweli anarudi nayo.