Upanga mpya, mkono haujui: kufungua ujuzi wa silaha katika World of Warcraft Classic

SWALI: Habari kaka. Nacheza World of Warcraft Classic, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, mhusika wangu ni Orc Warrior (mpiganaji wa kabila la Orc) wa levo 52. Nimeokota upanga wa mikono miwili wenye namba kubwa kuliko shoka langu, ila aina ya silaha imeandikwa kwa rangi nyekundu na haushikiki. Nimezunguka Orgrimmar nzima, walimu wa silaha wote wawili hawanifundishi. Rafiki yangu anasema hata nikifundishwa nitaanzia 1 na nitakuwa napiga hewa tu. Niufungueje, na niupandishe vipi haraka? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, hao wa Orgrimmar unawaonea bure. Hanashi na Sayoc hawana somo la panga za mikono miwili. Kila mwalimu ana silaha zake, na kwa upande wa Horde, kambi yenu Orc, unayemtafuta ni Archibald, yupo War Quarter ndani ya Undercity. Toka nje ya lango la Orgrimmar, panda mnara, subiri zepelini ya Tirisfal Glades. Ukishuka tu, Undercity hiyo hapo. Mji ule umejaa vichochoro, kwa hiyo usijifanye mwenyeji. Mbonyeze mlinzi yeyote, muulizie Weapon Master, atakuwekea alama kwenye ramani. Ada ni sarafu 10 za fedha, na kwa levo 52 hiyo ni hela ya karanga. Ukiwa na dhahabu 1 ya ziada, mwambie akufundishe na mikuki mirefu kabisa, usije ukarudi tena kwa safari ileile.

Rafiki yako hajakudanganya. Utaanzia 1, na kikomo chako ni levo yako mara 5, yaani 260 kwa sasa na 300 ukifika levo 60. Ukienda na ujuzi wa 1 kupigana na zimwi la levo yako, neno “Miss”, yaani umekosa, litajaa kwenye skrini mpaka ukereke. Lakini pointi za mwanzo zinamiminika, kwa sababu nafasi ya kupanda huwa kubwa ukiwa mbali na kikomo na hupungua kadiri unavyokikaribia. Ile 200 ya mwanzo haisumbui. Wanaolia huwa wanalilia pointi 10 za mwisho.

Kinachowaponyoka wengi ni kwamba ujuzi unahesabiwa kwa aina ya silaha. Hauangalii ni upanga gani. Kwa hiyo upanga wako mzuri uache kwenye begi, nunua wa bei ya chee mnadani, tena ule wenye kasi kuliko zote utakazoziona. Upanga unaopiga kila sekunde 3.6 unakupa mapigo kama 167 kwa dakika 10. Wa sekunde 2.7 unakupa 222. Kila pigo ni bahati nasibu, na wewe unachotaka ni tiketi nyingi. Upanga kuumiza kidogo ni faida hapo, maana zimwi linakaa hai muda mrefu zaidi.

Kuhusu mazimwi ya kupigia, wakongwe watakutuma eneo la Blasted Lands, na mimi siwapingi. Kule kuna watumishi wa Razelikh na wenzake, kwa mfano Servant of Grol na Servant of Sevine, ambao hawauawi mpaka uwe na kifaa cha kazi yao maalumu. Bila kifaa hicho unampiga hata saa nzima, yupo tu. Ruka mpaka Stonard, kituo cha Horde, kisha shuka kusini. Warrior wa levo 52 asiende peke yake, kwa sababu wao hawafi lakini ngumi zao zinauma. Tafuta mtu wa kukuponya, au subiri uongeze levo tatu nne. Na utengeneze silaha kabla ya kuondoka! Mwaka 2019 nilikaa kule jioni nzima nikipiga huku nikiangalia mpira pembeni. Nilipogeuka, namba iliyokuwa inapanda ilikuwa ya ngumi. Upanga ulishavunjika zamani, nilikuwa napigana mikono mitupu.

Hofu ya intaneti iondoe. Pigo la kawaida linapangwa na seva yenyewe, si kidole chako, kwa hiyo mtandao kuchelewa kutoka Tanga hadi Ulaya hakukupunguzii tiketi. Ila usiweke programu ya kubonyeza yenyewe ukaenda kulala. Blizzard, wenye mchezo, wanafunga akaunti.

Sasa ngoja nikuulize mimi: una uhakika unautaka huo upanga? Orc anazaliwa na nyongeza ya 5 kwenye mashoka, ya mkono mmoja na ya mikono miwili. Kwa kupigana na mazimwi ya njiani hutaona tofauti. Ukifika levo 60 ukaingia Molten Core, pango la kuvamiwa kwa kundi kubwa, mabosi wanahesabiwa kuwa levo 63, na hapo tofauti utaiona. Mapigo yako ya kawaida kama asilimia 40 yatamparaza tu bosi badala ya kumpata sawasawa. Kwa ujuzi wa 300, kila pigo la kuparaza linapoteza wastani wa asilimia 35 ya nguvu. Kwa 305 linapoteza kama asilimia 15. Tena ile asilimia 9 ya kulenga (ili usikose bosi) unayotakiwa kuitafuta kwenye nguo na pete inashuka hadi 6. Hiyo 5 ya kuzaliwa hakuna mwalimu anayeiuza.

Ningekuwa wewe, ningelipa hizo fedha 10 leo, nikautumia upanga kwenye kazi za kawaida kuanzia 52 hadi 60 ujuzi upande wenyewe bila kambi ya mazoezi, na shoka la maana ningeendelea kulitafuta. Blasted Lands ningeenda kwenye 60 tu, kama mpaka hapo halijapatikana.

Na ukisoma maelezo yanayosema hakuna tena ujuzi wa silaha, usishtuke. Uliondolewa mwaka 2010, kwenye mabadiliko yaliyolitangulia toleo la Cataclysm, na maelezo hayo yanahusu matoleo ya baada ya hapo. Kwenye lako, bonyeza K uione namba yako.