Kabla hujawapandisha watu Kitulo

Mdogo wangu unayeanza kazi hii ya kuwaonyesha watu mimea, kosa langu la kwanza nakupa bure. Kundi langu la kwanza lilikuwa la wanafunzi wa sekondari, kwenye hifadhi ya Kitulo, mwezi wa pili, ukungu mzito. Majina ya Kilatini ya maua ya okidi nilikuwa nimeyakariri kama sala: Disa, Satyrium, Habenaria. Nusu saa haikuisha, watoto wameniacha na sala yangu, wanapiga picha na gari tuliloenda nalo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza viazi tuliposimama Matamba wakati wa kurudi. Alichomoa mbegu ya kishona nguo kwenye sketi ya binti mmoja akauliza, "Na huyu abiria kapandia wapi?" Wakacheka, kisha wakainama kila mtu kwenye nguo zake. Nikatoa lenzi. Waliona vile vimiba vya nchani na vinywele vyake vilivyoelekea nyuma kama ndoana, wakaelewa wenyewe kwamba sketi ya shule ilikuwa imefanya kazi ya kusafirisha mbegu. Tangu siku hiyo naanza na kitu ambacho mtu tayari anacho mwilini, mdomoni au shambani.

Ukiwa Iringa wakati wa mvua, anza na ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mwanzi. Wengi wanaujua utamu wake, ila waulize kama wanajua mlanzi, yaani mwanzi wenyewe, ni jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi, uone ubishi utakaozuka. Mtafute mzee mgemaji, msalimie "Kamwene" kwanza, kisha nyamaza. Atakuonyesha anavyokata ncha ya chipukizi changa, anavyolikwangua jeraha asubuhi na jioni lisizibe, na mbeta, kile chombo cha mwanzi, inavyokinga utomvu. Wewe uliza tu: maji yote haya chipukizi linayatoa wapi? Hapo ndipo utakapopata nafasi ya kueleza mizizi na akiba ya kichaka kizima.

Mbeya kuna pareto. Pasua ua moja, waone kuwa ni vijiua vingi vilivyokusanyika, kama alizeti, kama kishona nguo chenyewe. Sumu ya kuua wadudu imejaa zaidi kwenye vijimbegu vya katikati, wala si kwenye petali nyeupe zinazopendeza.

Sasa okidi. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ina aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini. Msimu wa maua ni kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Beba koti, baridi ya kule haina masihara. Lakini chunga mdomo. Niliwahi kuwaeleza watu, kwenye mlima ulio nje ya hifadhi, jinsi ya kutambua okidi yenye kiazi kizuri cha chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi. Nilijiona mwalimu hodari. Niliporudi baada ya wiki chache nilikuta mashimo. Kiazi hicho kinauzwa mpaka Zambia, na mimi nilikuwa nimewachorea ramani.

Siku hizi sisemi ni ipi inayoliwa. Naeleza kwamba chini ya mche huwa kuna viazi viwili: kikuukuu kilichonyauka, ambacho ndicho kilichotoa ua la mwaka huu, na kipya kigumu cha mwakani. Mchimbaji hutaka kile kigumu.

Nilimweleza hivyo bibi mmoja aliyewahi kuchimba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mbegu za okidi zinaweza kuoteshwa bustanini kama mchicha. Nikamwambia ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa udongoni wa kuzilisha. "Basi huyo kuvu," akasema, "mbona hujanionyesha?"